Jinsi ya Kulitambua Wingu kwa Kuliuliza Maswali Manne

Watu wengi wanaotaka kujifunza mawingu huanza kwa kukariri majina na picha, na wengi wao hukata tamaa mapema, kwa kuwa wingu la angani halifanani hata siku moja na lile la kitabuni: limekatika hapa, limechanganyika na jingine pale, na kabla hujamaliza kulilinganisha limekwisha kubadilika. Njia iliyo rahisi zaidi ni kuliuliza wingu maswali manne kwa mpangilio uleule kila mara, ukianza na umbo lake, ukafuata ukubwa wa vipande vyake, kisha namna linavyopitisha mwanga, na mwisho kile kinachodondoka kutoka ndani yake. Majibu yakishapatikana, jina huja lenyewe. Rangi na kimo, mambo mawili ambayo mtazamaji mgeni huyakimbilia kwanza, ndiyo yanayopotosha zaidi, na kwa sababu hiyo nimeyaacha hadi karibu na mwisho.

Kwanza ni vizuri kuelewa unachokitazama. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni matone madogo mno ya maji, au fuwele za barafu, au mchanganyiko wa vyote viwili, vinavyotokea pale hewa inapopanda, ikatanuka na kupoa. Hewa ambayo bado haijashiba unyevu hupoa kwa takriban digrii 10 za Selsiasi kwa kila kilomita 1 inayopanda, na ikifika kwenye kiwango cha umande mvuke wake huanza kugeuka kuwa matone juu ya chembe za vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Tone la kawaida la wingu lina kipenyo cha takriban milimita 0.02, hivyo huhitajika matone ya aina hiyo yapatayo milioni moja ili kupata tone moja la mvua lenye upana wa milimita 2. Namna hewa inavyopanda ndiyo inayolipa wingu umbo: ikipanda kwa nguvu mahali padogo, kama juu ya ardhi iliyopigwa na jua la mchana, wingu hujirundika kwenda juu, ikiinuliwa taratibu juu ya eneo la mamia ya kilomita, wingu hutanda. Kwa hiyo ukiuliza umbo la wingu, unauliza pia namna lilivyozaliwa.

Majina yenyewe yalianza na Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London aliyependa kutazama anga, ambaye mwezi Desemba 1802 alitoa mbele ya wenzake mhadhara uliogawa mawingu kwa maneno ya Kilatini: sirasi, yaani kishungi cha nywele; kumulasi, yaani rundo; stratasi, yaani tabaka; na nimbasi, wingu la mvua. Mwaka huohuo Jean-Baptiste Lamarck alitoa mgawanyo wake nchini Ufaransa, lakini aliuandika kwa majina ya Kifaransa na haukuenea. Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1896 na ambayo leo hutunzwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, inatambua aina kuu 10, na majina yote 10 yamejengwa kwa kuunganisha maneno hayo manne pamoja na kiambishi alto. Kiambishi hicho ni mtego mdogo: asili yake ina maana ya kitu kilicho juu, ilhali mawingu yanayokibeba ni ya kimo cha kati.

Swali la kwanza: wingu lina umbo gani?

Majibu ni matatu tu. Wingu huwa nyuzi, huwa rundo, au huwa tabaka. Nyuzi nyeupe, laini, zilizochanwa kama nywele au manyoya juu kabisa angani, ni sirasi, na hapo kazi imekwisha. Nyuzi hizo ni fuwele za barafu zinazoanguka polepole na kupeperushwa na upepo ambao kasi yake hubadilika kadiri zinavyoshuka, ndiyo maana nyingi zina kichwa kilichojikunja na mkia mrefu. Mistari inayoachwa na ndege za masafa marefu ni ya jamii hiyohiyo. Huo si moshi, ni mvuke wa injini ulioganda, na mistari hiyo ikikaa muda mrefu na kupanuka badala ya kufifia, ujue hewa ya juu ina unyevu mwingi.

Rundo lililosimama peke yake, lenye kitako kilichonyooka na kichwa kilichovimba kama koliflawa, ni kumulasi. Kitako hicho kimenyooka kwa sababu ndicho kimo ambapo hewa inayopanda hufikia kiwango cha umande, na kimo hicho hukaribiana katika eneo zima. Unaweza hata kukikadiria: chukua jotoridi la hewa ya chini, toa jotoridi la kiwango cha umande, kisha zidisha tofauti kwa mita 125. Hewa ikiwa na digrii 30 na kiwango cha umande kikiwa digrii 22, tofauti ni 8, na kitako cha kumulasi kitakuwa karibu mita 1,000 juu yako. Hesabu hii hufaa kwa mawingu yaliyozaliwa na joto la mchana. Usiitumie kwa matabaka yaliyoletwa na upepo kutoka mbali.

Kumulasi hustahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko aina nyingine yoyote, kwa sababu hukua mbele ya macho yako. Ikiwa mapana kuliko urefu wake, ni kumulasi ya hali nzuri ya hewa, ambayo hupotea jua likizama. Ikiwa urefu na upana wake vinakaribiana, bado haina madhara, ingawa inafaa kuangaliwa tena baada ya robo saa. Ikisimama kama mnara, urefu ukiupita upana kwa mbali, inaweza kumwaga mvua ya ghafla. Hatua inayofuata ndiyo muhimu zaidi, nayo haionekani kwenye kitako, bali kwenye kilele. Tazama ukingo wa kilele hicho: ukiwa umekatika wazi, wenye vifundo vigumu kama vimechongwa, wingu bado ni la matone ya maji; vifundo vikianza kulainika, ukingo ukififia na kuonyesha nyuzi, matone ya juu yamekwisha kuganda, na wingu limegeuka kuwa kumulonimbasi. Mara ya kwanza nilipoyaona mabadiliko hayo, nilidhani macho yamechoka, kwa kuwa yalichukua dakika chache tu. Muda si mrefu ngurumo ya kwanza ikasikika.

Kumulonimbasi iliyokomaa huinuka hadi inapogonga mpaka wa tabaka la chini la angahewa, na kwa kuwa haiwezi kuendelea kupanda kwa urahisi, hutandaza kilele chake pembeni kikawa bapa kama fuawe la mhunzi. Katika nchi za tropiki mpaka huo uko juu sana, kilomita 16 hadi 18 hivi, na karibu na ncha za dunia uko chini zaidi. Ukiwa chini ya wingu lenyewe hutaliona fuawe; utaona kitako cheusi tu. Hapo kanuni ni moja: pakiwa na radi, ngurumo au mvua ya mawe, wingu huitwa kumulonimbasi hata kama kilele hakionekani. Ukitaka kujua umbali wake, hesabu sekunde kuanzia umeme unapomulika hadi ngurumo inaposikika, kisha gawanya kwa 3 upate kilomita. Hata hivyo ngurumo ikisikika tu, wewe tayari umo ndani ya eneo ambalo radi inaweza kupiga, kwa hiyo ingia ndani ya jengo, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Swali la pili: vipande vyake vina ukubwa gani?

Swali hili ni kwa mawingu yaliyokatikakatika, yaliyojipanga angani kama magamba ya samaki au kama mawimbi ya mchanga. Aina tatu zina sura hiyo, nazo ni sirokumulasi ya juu, altokumulasi ya kati na stratokumulasi ya chini. Kwa kuwa jicho haliwezi kupima kimo, tunapima upana unaoonekana, na kipimo chake umezaliwa nacho. Nyoosha mkono mbele yako hadi kiwiko kikunjuke kabisa, kisha funika kipande kimoja cha wingu kwa vidole. Kikifichwa chote na ncha ya kidole kidogo, yaani takriban digrii 1, ni sirokumulasi. Kikikizidi kidole kidogo lakini kikafichwa na vidole vitatu vilivyobanwa pamoja, yaani hadi digrii 5 hivi, ni altokumulasi. Kikivizidi vidole vitatu, ni stratokumulasi.

Kipimo hiki kina sharti moja ambalo husahaulika. Kitumie kwa vipande vilivyo juu ya digrii 30 kutoka upeo wa macho tu, yaani juu ya kimo cha ngumi tatu zilizopandishwa moja juu ya nyingine ukiwa umenyoosha mkono, kwani kila ngumi ni takriban digrii 10. Chini ya hapo vipande huonekana vimebanana kwa sababu unavitazama kwa ubavu, na stratokumulasi ya kawaida kabisa inaweza kukudanganya ukaiita altokumulasi. Pima pia vipande vingi, usitegemee kimoja. Linalohesabiwa ni ukubwa wa wengi wao.

Kuna ushahidi wa pili wa kukusaidia, nao ni kivuli. Vipande vya sirokumulasi ni vyembamba mno, havina upande wa giza. Altokumulasi ina upande mweupe na upande wa kijivu. Stratokumulasi huwa na kijivu kizito zaidi, na mara nyingi mianya kati ya mafungu yake huonyesha buluu ya anga. Kwa maoni yangu, anayeanza asijisumbue kutafuta sirokumulasi. Ni wingu adimu, halidumu, na wengi wanaodai kuliona wameona altokumulasi ya vipande vidogo.

Swali la tatu: mwanga unapitaje?

Matabaka yasiyo na vipande hutofautishwa kwa jua. Huhitaji kulitazama jua, na kwa kweli usilitazame, hata nyuma ya wingu jembamba. Angalia chini, kwenye kivuli chako.

Ikiwa anga limefunikwa na utando mweupe wa maziwa lakini kivuli chako bado kiko wazi, utando huo ni sirostratasi. Mara nyingi wingu hili huwa jembamba kiasi kwamba mtu huliona kwa dalili yake tu, ambayo ni duara kubwa la mwanga linalolizunguka jua au mwezi. Simama mahali ambapo nguzo au pembe ya ukuta inalificha jua lenyewe, nyoosha mkono, na upanue kiganja: kidole gumba kikiwa kwenye jua, ncha ya kidole kidogo itagusa duara hilo, kwa sababu nusu kipenyo chake ni digrii 22 na shubiri iliyonyooshwa mbele ya macho ina ukubwa unaokaribia huo. Digrii hizo 22 hutokana na umbo la fuwele za barafu, ambazo zina pande sita na huupinda mwanga kwa pembe hiyo. Kwa hiyo duara hilo ni uthibitisho kwamba wingu ni la barafu.

Lisichanganywe na duara dogo lenye rangi linalougusa mwezi usiku, lenye weupe katikati na wekundu wa kahawia pembeni. Hilo hutokea mwanga unapopita kati ya matone madogo ya maji, na kwa kawaida huonekana kwenye altokumulasi nyembamba. Kwa kifupi, duara kubwa lililo mbali na mwezi ni la barafu, na duara dogo lililoukumbatia mwezi mara nyingi ni la maji.

Kivuli chako kikipotea, na jua likaonekana kama taa iliyo nyuma ya kioo chenye ukungu, hilo ni altostratasi. Halina duara la digrii 22. Mimi nilichelewa sana kulitofautisha na sirostratasi, hadi nilipoacha kutazama juu na kuanza kutazama kivuli. Tabaka likizidi kuwa nene hata jua lisijulikane liko upande gani, na mvua au theluji ikawa inanyesha mfululizo kwa saa kadhaa bila ngurumo, limekuwa nimbostratasi. Chini yake mara nyingi hupita vipande vya wingu vilivyochanika kama matambara, vikienda mbio. Vipande hivyo ni sehemu ya hali hiyohiyo ya mvua, visikufanye ubadili jina.

Tabaka la mwisho ni stratasi, la kijivu, la chini, lisilo na umbo, ambalo huweza kufunika vilele vya vilima na minara. Jua likionekana kupitia stratasi, ukingo wake huwa wazi kama sarafu, tofauti na altostratasi inayolifanya liwe doa lisilo na mpaka. Likigusa ardhi na kupunguza umbali wa kuona chini ya kilomita 1, huitwa ukungu. Ni wingu lilelile, mtazamaji ndiye aliye ndani yake.

Swali la nne: nini kinadondoka?

Mvua husema mengi hata kwa mtu aliye ndani ya nyumba. Manyunyu membamba yanayoelea zaidi ya kuanguka hutoka kwenye stratasi. Mvua ya wastani isiyokatika hutoka kwenye nimbostratasi, na wakati mwingine kwenye altostratasi nene. Mvua inayoanza ghafla kwa matone makubwa, ikapiga kwa nguvu na kuacha ghafla, ni ya kumulasi iliyosimama kama mnara au ya kumulonimbasi. Pengine utaona michirizi ya kijivu ikining'inia chini ya wingu bila kufika ardhini: ni mvua inayokauka njiani ndani ya hewa kavu, na haiwi aina mpya ya wingu.

Kwa nini rangi na kimo havitoshi

Wingu lilelile la kumulasi ni jeupe mno jua likiwa mgongoni kwako, na ni la giza lenye pindo la fedha likisimama kati yako na jua. Weusi wa kitako huonyesha unene, yaani mwanga mdogo umefanikiwa kupenya, wala si uthibitisho kwamba mvua i karibu. Kuna wakati mmoja tu ambapo naiamini rangi, nao ni dakika chache baada ya jua kuzama: mawingu ya chini hugeuka kijivu kwanza, huku ya juu yakiendelea kuwaka rangi ya machungwa na waridi, kwa kuwa jua bado linayafikia.

Kimo nacho kina takwimu zake, zinazofaa kujulikana ingawa huwezi kuzipima kwa macho. Katika tropiki mawingu ya chini huwa na vitako chini ya kilomita 2, ya kati huwa kati ya kilomita 2 na 8, na ya juu kati ya 6 na 18; katika maeneo ya wastani, yaani yaliyo kati ya tropiki na ncha za dunia, mawingu ya juu huishia karibu na kilomita 13, na kwenye ncha za dunia karibu na 8. Wanaoanza hudhani kwamba wingu linalokwenda polepole liko chini, kumbe mara nyingi ni kinyume: la juu huonekana linajikokota kwa sababu ya umbali, ingawa upepo wake huwa mkali zaidi. Kipimo cha kuaminika ni kufichana. Wingu linalolifunika jingine ndilo lililo chini.

Kuandika ulichokiona

Chagua sehemu moja yenye anga la wazi na uirudie kila siku kwa saa ileile. Gawa anga katika sehemu 8, kama wafanyavyo wachunguzi wa hali ya hewa, na uandike ni sehemu ngapi zimefunikwa. Andika kila aina kivyake, kwa kuwa anga lenye aina moja tu ni nadra, na ikiwezekana rudia baada ya dakika 15, maana mfuatano wa mawingu hueleza zaidi kuliko wingu moja. Katika maeneo ya wastani, sirasi inayozidi kuwa nyingi, ikafuatwa na sirostratasi, kisha altostratasi, huwa dalili kwamba hewa ya joto inapanda juu ya hewa baridi, na mvua ya nimbostratasi inaweza kufuata ndani ya siku moja hivi.

Chukua mfano wa anga lenye fujo la alasiri. Upande wa magharibi kuna rundo refu. Ukingo wa kilele chake bado umekatika wazi, hakuna ngurumo, kwa hiyo ni kumulasi iliyosimama kama mnara. Juu ya kichwa kuna vipande vyenye kivuli; viwili unavifunika kwa vidole viwili, cha tatu kwa vidole vitatu kamili, na vyote viko juu ya ngumi tatu, kwa hiyo ni altokumulasi. Kileleni mwa anga kuna weupe unaotilia shaka, lakini kivuli chako kimelala chini kikiwa kikali, na nyuma ya nguzo unaona sehemu ya duara shubiri moja kutoka kwenye jua, kwa hiyo ni sirostratasi. Unaandika: saa 10:20 alasiri, sehemu 6 kati ya 8, kumulasi kubwa magharibi, altokumulasi juu ya kichwa, sirostratasi yenye duara, kuangalia tena kilele cha magharibi saa 10:35.